Jinsi ya kuijua tabia yako kama kiongozi

Kazi yangu ni upishi wa harusi hapa Majengo, Mombasa. Nina kina mama wa kukata vitunguu, wapishi wa sufuria, vijana wa kubeba maji na kuni, na mzee mmoja anayesimamia moto. Kwa hivyo nikisema kiongozi sisemi mwenye cheo. Nasema yule ambaye wenzake humtazama usoni kabla ya kuamua la kufanya. Kama wewe ni huyo, uwe mwekahazina wa chama au mwalimu mkuu, kuijua tabia yako ni kazi usiyoweza kumtuma mtu.

Usianze kwa kujiuliza, "Mimi ni mtu wa namna gani?" Hapo moyo ndio utakaojibu, na moyo hujipendelea. Anza na yanayotokea wewe ukiingia mahali. Chukua daftari, chagua shughuli moja iliyopita karibuni, uandike ulichokiona na kukisikia, basi. Usiandike "nilikuwa mkali". Andika: "Nilipofika jikoni saa tisa usiku, mazungumzo yalikatika." Nani alikuja kukuuliza? Nani aliamua mwenyewe? Neno lako la kwanza lilikuwa lipi, na ulimwambia nani? Andika siku hiyo hiyo kabla hujalala, maana kesho yake utakuwa umeshajitengenezea hadithi.

Nitatoa mfano wa jikoni kwangu, na nitakaa hapo kidogo. Pilau ya harusi hupikwa sufuria kadhaa kwa pamoja. Mchele ukishakausha maji tunafunika, tunapunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Lakini kabla mchele haujaingia lazima supu ionjwe, maana chumvi ikipungua hapo, baadaye haina dawa. Mimi hupita kila sufuria na kijiko changu, naonja, naongeza mwenyewe. Daftari lilionyesha hilo kila harusi, na likaonyesha jingine kando yake: hakuna mpishi aliyekuwa akiniambia, "Mama, hii bado chumvi." Kuonja wanajua, tena wengine wameanza kupika kabla yangu. Ila ulimi wangu ndio uliokuwa ulimi wa jiko zima. Tabia yenyewe ni moja, umakini. Umenipa jina zuri kutoka Mji wa Kale mpaka Likoni, na huo huo ndio uliowanyamazisha wenzangu. Basi ukiandika tabia yako, andika pande zote mbili kwenye mstari mmoja: inanipa nini, na inawanyima nini wengine.

Ukitaka mahali pa kuanzia, wataalamu wa saikolojia hugawa tabia za watu katika mafungu makuu matano: kupokea mambo mapya, umakini katika kazi, uchangamfu mbele za watu, upole wa kuafikiana na wenzako, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hizi ni ngazi, na wengi wetu tuko katikati. Jiweke kwenye kila moja, kisha tafuta tukio daftarini linalokushuhudia. Usipolipata, futa ulichoandika.

Sasa waulize watu. Hapa ndipo pagumu, hasa kwetu Pwani. Ukimuuliza mtu unayemlipa, "Mimi nikoje?", atakujibu, "Huna neno, mama." Hakudanganyi, anakustahi. Uliza jambo ambalo mtu anaweza kulijibu bila kukuvunjia heshima: "Jana ni wakati gani ulitaka kusema kitu ukaacha?" Usiulize siku ya malipo, wala mbele ya wengine. Na mtafute mtu aliyekuzidi umri, asiyekuogopa, awe kati yako na wao. Mimi nina yule mzee wa moto. Nilipomuuliza, "Baba, mimi nikiwa na wasiwasi huwa vipi?", alichochea kuni kwanza. Akasema, "Mwanangu, wewe ukiwa na wasiwasi unaita watu majina. Vijana wakisikia majina wanakimbia huku na huku, na kuni zimebaki pale pale." Ukiambiwa neno kama hilo usijitetee, wala usieleze kwa nini. Sema ahsante, uliandike kama lilivyosemwa.

Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora dirisha la vyumba vinne ambalo mimi nalitumia sana. Chumba cha kwanza ni unayoyajua wewe na wenzako wanayajua, cha pili ni wanayoyajua wao wewe huyajui, cha tatu ni unayoyaficha, na cha nne ni yasiyojulikana na yeyote. La mzee wa moto linaingia cha pili. Cha tatu nakifungua mwenyewe pale inapofaa, maana mficha uchi hazai: nimewaambia vijana wangu kwamba nyama ikichelewa kutoka kichinjioni huwa naingia hofu. Siku hizi mmoja wao hunipigia simu mapema, kabla sijaanza kuita majina.

Ukishajua, usijiapize kuwa mtu mwingine. Tabia hubadilika polepole, kwa miaka. Chagua tendo moja, ulipe saa na mahali pake. Langu ni hili: wakati wa kuonja supu, kijiko changu kinabaki kwenye pindo la leso mpaka mpishi wa sufuria hiyo aonje na aniambie anaonaje. Ndipo nami naonja. Moto ukipanda na chakula kinaungua siiti kikao, naamuru, na hilo wenzangu wanalijua tangu mwanzo.

Mwezi wa Ramadhani harusi husimama, na huo ndio wakati wangu wa kulisoma daftari lote. Tafuta maneno yanayojirudia. Neno moja likisemwa na watu wawili ambao hawakuonana, hiyo ni tabia yako. Likisemwa na mmoja tu, kaa naye faragha kwanza, huenda ana lake linalomsumbua.