Mtaji wa kampuni ukiwa hasi, fanya hivi

Tuseme kampuni ina mali za milioni 40 na madeni ya milioni 55, yaani mtaji ni hasi milioni 15, usipaniki kwanza, angalia hayo madeni ni ya nani. Kampuni nyingi ndogo za hapa Bongo zinadaiwa na dairekta mwenyewe! Kama 30 ni zako, geuza 20 ziwe hisa: pitisha azimio, hakikisha mtaji ulioidhinishwa (kikomo cha hisa ambazo kampuni inaruhusiwa kutoa) unatosha, peleka taarifa ya hisa mpya BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), madeni yanashuka hadi 35 na mtaji unakuwa chanya milioni 5. Usikimbilie kulifuta tu deni maana TRA wanaweza kulihesabu kama mapato. Gawio sahau kwanza, na kama mishahara na saplaya hawalipiki, muone mwanasheria mapema, tafadhali.