Bustani yako ya kwanza ughaibuni: anza na mboga za majani

Mtu akipata kipande cha udongo nyuma ya nyumba, au zamu yake ikifika kwenye viwanja vinavyokodishwa na halmashauri, mawazo hukimbilia kwenye vile alivyovikosa zaidi: bamia, nyanya chungu, kunde, mgagani. Bahati mbaya ndivyo vinavyosumbua kuliko vyote. Vinataka joto la usiku na mchana kwa miezi mfululizo, na kiangazi cha Birmingham au Hamburg hakina joto hilo. Aliyeko Houston au Atlanta hayamhusu haya, apande bamia zake kwa raha. Sisi wengine tuanze na majani. Jani huliwa kabla mmea haujakomaa, kwa hiyo halihitaji msimu mrefu, na ukilichuma linatoka jingine.

Kwangu mimi sukuma wiki ndiyo ya kwanza, na ya pili iko mbali nyuma yake. Nunua pakiti iliyoandikwa Collards, au kale yenye majani bapa. Zile za kujikunjakunja huota vizuri pia, ila kuzikatakata nyembamba ni kazi. Sia mbegu ndani ya nyumba mwezi Machi au moja kwa moja nje kuanzia Aprili, kisha miche ikae nusu mita kati ya mmoja na mwingine. Usiibane kwa kuonea nafasi huruma. Baada ya miezi miwili hivi unaanza kuchuma kutoka chini: shika kikonyo karibu kabisa na shina, kivute kuelekea ardhini, kitakatika chenyewe bila kisu. Acha majani matano au sita ya juu kila mara. Jalidi, yaani baridi inayogandisha umande, haiiui sukuma, tena huizidishia utamu, kwa sababu mmea hukusanya sukari ili kujikinga na baridi.

Ina maadui wawili. Kipepeo mweupe hutaga mayai ya njano chini ya jani, na usipoyaminya mapema viwavi watakuachia matundu matupu. Wa pili ni njiwa pori, hasa Uingereza wakati wa baridi, ambaye hula jani lote na kukubakishia mishipa. Dawa ya wote wawili ni moja: wavu wenye matundu ya milimita 7 au pungufu, ulioinuliwa kwa fito usigusane na majani. Ukigusana nayo, kipepeo anayatagia majani kupitia matundu ya wavu.

Spinachi ina mtego wake. Ile tuliyoizoea sokoni, yenye bua nene jeupe, huku huuzwa kwa jina la chard. Ukipanda pakiti iliyoandikwa spinach, mwezi Juni wenye mchana wa saa kumi na sita utaifanya ikimbilie maua kabla hujaila mara tatu. Chukua chard, au ile inayoitwa perpetual spinach, ambayo ni laini zaidi na huvumilia karibu kila kitu. Chainizi na dania nazo zina ugonjwa huohuo wa kukimbilia maua, hivyo zisubiri mwishoni mwa Julai au Agosti, siku zinapoanza kufupika.

Mchicha ni mwepisi ukiujulia tarehe. Wajerumani wana siku za watakatifu wa barafu, tarehe 11 hadi 15 Mei, na wakulima wao wa zamani hawakutoa mche laini nje kabla hazijapita. Kalenda hiyo inafaa pia Minneapolis na sehemu kubwa ya Uingereza. Scotland ongeza wiki mbili. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, ukiimwaga kwa vidole itaangukia mahali pamoja. Ichanganye na mchanga mkavu, kiganja kimoja cha mchanga kwa kijiko cha chai cha mbegu, unyunyize kwenye mstari na kufunika kwa udongo mwembamba tu. Ile unayoipunguza wiki ya nne ndiyo mboga yako ya kwanza. Inayobaki ikate juu kidogo ya ardhi, itachipua pembeni. Jalidi ya kwanza ya vuli itaimaliza kwa usiku mmoja, kwa hiyo usiionee choyo Septemba. Mbegu zake Uingereza utazikuta kwa jina la Callaloo, na kwenye maduka ya Wabangladeshi uliza lal shak, ambao ni mchicha mwekundu.

Majani ya maboga yanahitaji shina moja tu, lakini shina hilo litatembea mita tatu na zaidi. Kama huna nafasi, acha.

Asiye na bustani kabisa asikate tamaa, kuna matembele. Fungu lenye vikonyo kutoka duka la Waafrika au la Wafilipino, ukilichomeka kwenye glasi ya maji dirishani, hutoa mizizi kwa siku chache. Hamishia kwenye ndoo iliyotobolewa chini, itoe nje Juni, irudishe ndani kabla ya Oktoba. Usitegemee viazi humo. Unachotaka ni majani.

Mnavu una onyo. Usiuchume porini Ulaya kwa kuukisia, maana kuna ndugu zake wenye sumu kali, na tunda jeusi si ushahidi wa lolote. Nunua mbegu kwa muuzaji anayeaminika au uache.

Na mbegu za mama kwenye begi? Marekani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya kwa kawaida zinadai cheti cha afya ya mimea. Nyumbani vyeti hivyo hutolewa na KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania. Kwa mchicha na sukuma sioni haja ya usumbufu huo. Mbegu zipo madukani.

Marekani kuna jambo moja la kuangalia kabla ya jembe. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 mara nyingi zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, na vumbi lake limekaa kwenye udongo wa pembeni mwa kuta. Mboga za majani hushika vumbi hilo. Maabara za vyuo vikuu vya majimbo mengi hupima udongo kwa bei nafuu. Majibu yakiwa mabaya, panda kwenye masanduku yenye udongo wa kununua.

Walioko Muscat au Dubai wageuze kalenda yote: sukuma, chard na dania ni za Oktoba hadi Machi, na kiangazi wakiachie bamia na matembele, kwa maji ya kila siku.

Kwa wa kaskazini, sukuma ya mwaka jana ikianza kutoa vikonyo vya maua Aprili, vikate kabla havijafunguka na uvikaange na kitunguu kama kawaida. Kisha ng'oa shina na changanya mbolea ya mboji. Hapo patakuwa pa mchicha ifikapo katikati ya Mei, na sukuma mpya uipeleke upande mwingine wa bustani.