Kioo cha mlango kimevunjwa: namna ya kutumia bima ya gari Dar es Salaam, hatua kwa hatua

Anayepiga simu ofisini kwetu akiwa amevunjiwa kioo cha pembeni huuliza jambo moja tu: "Bima inalipa?" Jibu liko kwenye mkataba ambao wengi hawajaufungua tangu watumiwe kwenye simu. Nashughulikia madai ya magari upande wa wakala, na kwenye kioo cha mlango naona watu wa aina mbili wakiumia. Wa kwanza anabadilisha kioo ndipo anaitafuta bima. Wa pili anaikimbilia bima kwa hasara ambayo angeimaliza kwa wauza spea wa Ilala kabla ya saa sita mchana, tena kwa pesa ndogo kuliko anayokuja kupoteza. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa kuwafikiria wote wawili.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kufagia

Kioo cha mlango si sawa na kioo cha mbele. Cha mbele kina tabaka mbili za kioo zilizobanwa na plastiki katikati, ndiyo maana hupata ufa na kubaki mahali pake, na ufa mdogo fundi anaweza kuuziba. Cha mlango kimepashwa moto mkali kikapozwa ghafla kiwandani, kwa hiyo kikipigwa kinasambaratika chote kuwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Hakuna cha kuziba hapo, ni kubadilisha kioo kizima.

Piga picha ya gari zima huku namba zikionekana, halafu mlango wenyewe, vipande vilivyo kwenye kiti na vilivyo chini, jiwe kama lipo, na dashibodi ikionyesha kilomita. Vipande viache vilivyo mpaka picha ziishe. Vikiwa vingi ndani ya gari, mkaguzi anaelewa kuwa pigo lilitoka nje, na maelezo yako yanapata nguvu.

Usibonyeze swichi ya kioo kujaribu kama bado kinapanda. Vipande vilivyoangukia ndani ya mlango vinaweza kukwama kwenye reli na kuharibu regyuleta, yaani kifaa kinachopandisha na kushusha kioo, na uharibifu huo umeusababisha mwenyewe. Funika tundu kwa nailoni nzito na seloteepu. Seloteepu hiyo iishie kwenye raba na fremu, isikae juu ya rangi, maana ikipigwa na jua la mchana mmoja tu hapa mjini, gundi yake inabaki imeng'ang'ania bodi.

Hatua ya 2: Polisi

Kama umevunjiwa na wezi, nenda kituo kinachohusika na eneo lilipotokea tukio. Ukivunjiwa Coco Beach usisubiri mpaka ufike kwako Mbagala, utaambiwa urudi Oysterbay. Fungua jalada, upewe namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi, na uhakikishe maelezo yanataja kioo kilichovunjwa, ni cha mlango upi, na vitu vilivyoibwa. Nimeona RB inayosema "ameibiwa begi" bila neno hata moja kuhusu kioo, na kampuni ya bima ikamrudisha mteja kituoni.

Kama ni ajali, yaani bodaboda imekupitia ubavuni au gari limekugonga, wanaohusika ni polisi wa usalama barabarani, na bima itataka ripoti yao pamoja na ile ya ukaguzi wa gari. Chukua namba ya gari au pikipiki ya aliyekugonga na uiangalie kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambao humwonyesha mtu yeyote kama chombo kina bima hai na ya kampuni gani. Bima ndogo ya aliyekukosea, yaani ile inayofidia watu wengine, kwa kawaida hulipa mali ya mtu mwingine mpaka kikomo kilichoandikwa. Kwa hiyo kosa likiwa lake, anza na bima yake kabla ya kugusa yako.

Na kuna hili la mashine za kufyeka nyasi kando ya barabara na kwenye maegesho ya maofisi. Zinarusha kokoto kwa kasi ya kutisha. Hapo anayewajibika ni mwenye kazi ile. Chukua jina la kampuni iliyopewa usafi wa eneo hilo, na usisaini karatasi yoyote ya "tumeyamaliza" kabla hujaongea na bima yako. Kampuni ya bima ikishakulipa inakuwa na haki ya kumdai aliyesababisha. Ukiwa umemsamehe kwa maandishi umeiondolea haki hiyo, na inaweza kukukatalia madai kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Fungua mkataba, tafuta vitu vinne

Kwanza, aina ya bima. Bima ndogo, ile ambayo kwa gari dogo binafsi wengi wanaijua kwa 118,000 pamoja na VAT, hailipi kioo chako hata kidogo. Ipo kwa ajili ya watu wengine utakaowadhuru. Bima kubwa ndiyo inayobeba gari lako. Katikati kuna ile ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Hii soma neno kwa neno kama inahesabu uharibifu uliotokana na jaribio la wizi.

Pili, kipengele cha vioo. Mikataba mingi ya bima kubwa huwa nacho, au hukiuza kwa nyongeza ndogo ya ada. Angalia kama kimeandikwa kioo cha mbele peke yake au vioo vyote vya gari, kikomo chake ni shilingi ngapi, na kama ukikitumia hukatwi eksesi wala hupotezi punguzo lako la kutodai, yaani lile la ada ya mwaka ujao kwa asiyedai. Ukiwa nacho na kinataja vioo vyote, ruka hatua ya nne nzima. Umeshinda.

Tatu, eksesi, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Mara nyingi huandikwa kama asilimia ya madai pamoja na kiwango cha chini, na hicho kiwango cha chini ndicho kinachowaumiza watu wa kioo kimoja.

Nne, thamani ya gari iliyoandikwa. Kama gari lina thamani ya milioni 15 na wewe uliliandikisha milioni 10 ili ada ipungue, kampuni inaweza kulipa theluthi mbili tu ya hasara yoyote, hata ya kioo.

Ulichoibiwa ndani ya gari, iwe kompyuta, begi au miwani, hakimo kwenye bima ya gari. Watu hubishana sana hapa, lakini mkataba uko wazi.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kujaza fomu

Tuseme una gari la milioni 15 na unalipa asilimia 3.5 kwa mwaka, kiwango kinachotumika sana kwa gari binafsi. Ada ni 525,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 619,500. Tuseme pia eksesi yako ni asilimia 10 ya madai lakini si chini ya 200,000, na kwamba mwaka ujao ulikuwa unastahili punguzo la asilimia 20 kwa kutodai.

Kioo cha mlango wa nyuma na ufundi vikigharimu 150,000, bima hailipi hata senti. Hasara nzima imo ndani ya eksesi.

Vikigharimu 300,000, bima itakupa 100,000. Lakini mwaka ujao utakosa punguzo la 105,000, na pamoja na VAT yake ni 123,900. Umezunguka kituoni, umejaza fomu, umesubiri mkaguzi, na mwisho umepoteza 23,900. Hapo mimi humwambia mteja waziwazi: lipa mwenyewe. Wakala anayekusukuma udai kwa kiasi hicho hajapiga hesabu.

Hesabu inageuka pale mlango nao umebonyea, rangi imechubuka, regyuleta imekufa, au gari ni la aina ambayo kioo chake lazima kiagizwe. Hasara ikifika 1,400,000, ukitoa 200,000 unalipwa 1,200,000, na kulikosa punguzo kunavumilika. Weka namba zako mwenyewe kwenye hesabu hii, usitumie zangu.

Hatua ya 5: Toa taarifa, hata kama huna uhakika wa kudai

Mikataba hutaka taarifa itolewe mapema, na mingi hutaja muda kabisa. Tuma ujumbe au barua pepe siku hiyohiyo: namba ya gari, namba ya mkataba, mahali, saa, RB, na picha mbili tatu. Kama bado unapiga hesabu, andika kwamba unatoa taarifa tu na uamuzi wa kudai utafuata. Hakikisha umejibiwa na umepewa namba ya madai. Simu peke yake haitoshi, maana anayekupokea leo kesho yuko likizo.

Kwenye fomu ya madai ambatanisha nakala ya kadi ya gari, leseni ya aliyekuwa anaendesha, kitambulisho cha NIDA, karatasi za polisi na profoma, yaani karatasi ya bei kutoka dukani au gereji kabla ya kulipa. Gari likiwa bado lina jina la aliyekuuzia, tegemea maswali. Maelezo ya tukio yaandike mafupi na yafanane na yale ya polisi. Ukisema saa mbili usiku kituoni, usiandike saa nne kwenye fomu.

Usibadilishe kioo kabla gari halijakaguliwa, au kabla hujapewa ruhusa kwa maandishi. Kwa kioo peke yake kampuni nyingine hukubali picha na kukuambia uendelee. Nyingine hutuma mkadiria hasara. Wakati wa masika mwombe mkadiria aharakishe na umweleze kwa maandishi kwamba maji yanaingia. Kiti kikioza baada ya hapo utakuwa na cha kuonyesha.

Hatua ya 6: Profoma, na kioo chenyewe

Hapa ndipo mambo ya Dar yanapoingia. Kioo cha IST, Vitz au Noah utakipata Ilala au Gerezani kikiwa kimetolewa kwenye gari lililochinjwa, na mara nyingi ni kioo kizuri kuliko kipya cha bei rahisi, kwa sababu ndicho alichoweka mtengenezaji. Shida ni risiti. Kampuni ya bima inataka profoma yenye jina la duka na TIN, halafu risiti ya EFD baada ya malipo. Muuzaji wa kijiweni akikuandikia bei nyuma ya boksi la plagi, hela hiyo hairudi. Una njia mbili: duka la vioo linalotoa risiti ya EFD, au gereji iliyo kwenye orodha ya kampuni yako, ambayo hulipwa moja kwa moja na wewe unamalizana nayo eksesi tu.

Profoma itaje mlango kwa ukamilifu: wa mbele au nyuma, kulia au kushoto. Gari zetu zina usukani kulia, kwa hiyo "upande wa dereva" ni kulia. Soma pia maandishi madogo kwenye kona ya kioo kilichobaki upande wa pili. Gari nyingi za Kijapani zina jina la kiwanda hapo na neno TEMPERLITE au jingine la aina hiyo. Vioo vya milango ya nyuma mara nyingi vina weusi uliomo ndani ya kioo chenyewe. Hiyo si tinti ya kubandika. Fundi akikuletea cheupe na kukibandika tinti, kwa mbali kinafanana, lakini simama nyuma ya gari saa kumi jioni uone. Na tinti uliyobandika mwenyewe, kama hukuitaja ulipokata bima, ihesabu kuwa gharama yako.

Hatua ya 7: Simamia ufungaji

Fundi akifungua bodi la ndani la mlango, mwambie afyonze vipande vyote kwa mashine. Mafundi wengi huchukua vinavyoonekana na kufunga. Vinavyobaki vitakuwa vinagonga kila ukipita tuta, na vikiziba vitundu vya kutolea maji chini ya mlango, maji ya mvua yatatuama humo na mlango utaoza kutokea ndani. Angalia nailoni iliyobandikwa nyuma ya bodi: ikichanwa na isirudishwe, maji yataingia hadi kwenye kapeti.

Pandisha na shusha kioo mara kadhaa gari likiwa limewashwa, kisha kimwagie maji. Ukiridhika ndipo usaini karatasi ya kukubali kazi, kwa sababu gereji inalipwa na bima kwa sahihi hiyo. Halafu kioo kipya kichorwe namba ya gari kama vilivyo vingine. Kisichokuwa na namba ndicho mwizi wa vioo atakachokipenda.

Madai yakikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, na kifungu cha mkataba kilichotumika. Hiyo pekee hubadilisha majibu mengine. Jibu lisiporidhisha, andikia kampuni malalamiko rasmi yenye namba ya madai, nakala ya kila ulichowasilisha, na kiasi unachodai. Ikinyamaza au ikishikilia msimamo wake, peleka faili hilohilo TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Huhitaji wakili kwa kioo cha mlango. Unahitaji ile barua pepe ya siku ya kwanza, RB inayotaja kioo, na risiti ya EFD.