Namna ya Kupanga Maandishi ya Mwanzo wa Filamu: Mfano wa Filamu Fupi ya Lamu

Kazi ya maandishi ya mwanzo wa filamu huanzia kwenye karatasi. Orodhesha jina la filamu na majina yote yatakayotangulia hadithi, kila moja na cheo chake, kisha yahakikishe kwa wenyewe, kwa maana anayejiandika Athman hatafurahi kujiona Othman mbele ya mji mzima. Vyeo viandikwe kwa Kiswahili tangu hapo, kwani “Mwandishi wa Muswada” ni refu, na mpangilio ulioigwa kutoka filamu za Kiingereza hautalitosha.

Tuchukue mfano wa filamu fupi inayofunguka alfajiri gatini Lamu, nahodha akitweka tanga, na tuipe jina TANGA LA KUSI. Wengi wangekimbilia herufi zenye mapambo, wakitumaini kuleta nakshi za milango ya Lamu kwenye skrini. Mimi siwaungi mkono. Nakshi ya mlango hutazamwa kwa karibu na bila haraka, ilhali jina la filamu lina sekunde chache tu. Afadhali kutazama majina yaliyopakwa rangi kwenye mbavu za mashua, ambayo huandikwa kwa brashi ili yasomeke kutoka mbali: herufi nene, wazi, zenye dosari ndogo za mkono.

Ukishachagua fonti, rekebisha nafasi kati ya herufi kwa jicho, kwa sababu makosa yasiyoonekana katika maandishi madogo huwa mapengo makubwa kwenye skrini. Katika TANGA, T na A huacha uwazi kati yao, hali N na G zimekaa karibu, kwa hiyo A ya kwanza isogezwe kushoto. Neno LA ni gumu zaidi: L haina kitu juu upande wa kulia, nayo A imeinama kwenda mbali nayo, na neno fupi huonekana limepasuka vipande viwili. Yasogeze hayo kwanza, ndipo uilinganishe mistari mingine nayo.

Mandhari ya nyuma ndiyo huharibu kazi nyingi. Kuta za Lamu zilizopakwa chokaa hung’aa mchana na vichochoro vyake ni vyeusi, kwa hiyo herufi nyeupe itakayosomeka vizuri kichochoroni itapotea mara kamera inapofika ukutani. Usitegemee kivuli kizito kuiokoa. Tafuta sehemu tulivu ya picha, kama anga au maji ya alfajiri, na ikiwezekana mwombe mpiga picha aiache nafasi hiyo wakati wa kurekodi. Kwa desturi ya zamani ya televisheni, asilimia 10 ya picha kutoka kila ukingo iliachwa bila maandishi, yaani pikseli 192 kila upande na 108 juu na chini katika picha ya 1920 kwa 1080.

Muda upimwe kwa mdomo: soma maandishi kwa sauti mara mbili bila kuharakisha, na huo ndio muda wa kuyaonyesha. Yakihitaji sekunde 3, hizo ni fremu 72 (fremu ni picha moja kati ya zinazofuatana kuunda filamu) kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde, bila kuhesabu fremu za maandishi kuingia na kutoka.

Kuhusu mwendo, chagua mmoja unaotoka ndani ya hadithi. Saul Bass, mbunifu Mmarekani wa maandishi ya mwanzo wa filamu, katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960, alitumia mistari inayopita na kukata majina vipande, na hakuhitaji zaidi. Kwa mfano wetu, jina linaweza kupanda polepole kwa kasi ya tanga lile lile linalotwekwa, basi.

Ukitaka jina liandikwe pia kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili walivyoandika kwa karne nyingi, ijaribu programu yako kwanza kwa neno Lamu. Lam na alif lazima ziungane, kisha mim iungane na waw. Ukiona herufi nne zimesimama mbalimbali, au zimeanzia kushoto, programu hiyo haifai. Usiongeze nafasi kati ya herufi hizo wala usizirushe moja moja, kwa kuwa muungano wake ndio maandishi yenyewe. Zifunue zote kwa pamoja kutoka kulia. Fonti ya Amiri ni ya khati ya naskhi, mtindo wa Kiarabu unaotumika sana vitabuni, na leseni yake huru inaruhusu kuitumia hata katika filamu ya kuuzwa. Aya za Qurani zisifanywe pambo chini ya majina ya wachezaji. Watazamaji wa hapa hawatalipuuza jambo hilo.

Mwisho, tazama kazi kwenye simu ukiwa juani na kwenye projekta chumbani, kisha hifadhi nakala ya picha zilezile bila maandishi yoyote, ili siku filamu ikihitaji tafsiri usilazimike kuihariri upya.