Wakulima wa viazi, acheni kupiga dawa kwa kuhesabu mvua

Nimechoka kulisema hili kwa mdomo, leo naliandika. Kila msimu mvua ikianza kurukaruka, yaani inanyesha vizuri wiki nzima alafu inakata siku kumi au kumi na mbili, napigiwa simu na watu walewale kwa shida ileile ya ugonjwa wa ukungu: afisa, viazi vimeungua usiku mmoja. Havijaungua usiku mmoja. Vilianza kuungua siku ile uliyoning'iniza bomba la dawa ukutani ukasema mvua imekata nipumzishe mfuko.

Februari moja nilipanda mlima kwenda kwa mzee mmoja huko juu Uporoto, Mbeya. Shamba safi, matuta makubwa, viazi ndo vinataka kutoa maua. Nikamwamkia, nikamuuliza mara ya mwisho umepiga lini, akacheka, "bwana shamba, hapa mvua ina siku kumi na mbili haijagusa, nipige dawa ya nini, vumbi?" Nikamwambia sawa, kesho saa moja asubuhi nipo hapa, twende wote. Kesho yake tumetembea tuta tatu tu suruali zikalowa mpaka magotini. Umande. Nikashika jani la chini kabisa, lile linalogusa udongo, nikaligeuza: doa la kijani cheusi kama limemwagiwa maji ya moto, na pembeni yake kuna unga mweupe mwembamba, ukipuliza hautoki. Mzee akanyamaza. Hiyo ilikuwa Jumatano, na Jumatano iliyofuata lile shamba lilikuwa linanuka.

Sasa sikilizeni. Bakajani chelewa, huo ugonjwa mnaouita ukungu, hauna haja na mvua. Una haja na jani bichi lililolowa na ubaridi, basi. Mvua ni njia moja ya kulowesha jani, umande ni nyingine, na lile wingu linalokaa juu ya Uporoto, Umalila, Makete na huko Njombe mpaka jua likolee ni nyingine tena. Umande ukianza kushuka saa tatu usiku na jani likakauka saa tatu asubuhi, hayo ni masaa 12 jani liko na maji na baridi iko nyuzi 10 mpaka 15. Kimelea kinatosheka kabisa, kinaingia ndani ya jani na wewe umelala. Doa utaliona siku 3 mpaka 5 baadaye, kwaiyo ukiliona Jumamosi ujue lilishaingia kati ya Jumatatu na Jumatano, na hali ikiendelea hivyo shamba linaweza kuisha ndani ya wiki moja mpaka siku 10. Wenzetu Uingereza tangu 2017 wanatoa tahadhari ya ugonjwa huu kwa kipimo wanachokiita Hutton: siku mbili mfululizo, joto lisishuke chini ya nyuzi 10, na kila siku kuwe na angalau masaa 6 ambayo unyevu wa hewa umefika asilimia 90. Tafuteni neno mvua hapo. Hamna.

Kwaiyo kipimo chenu kiwe hiki, na hakina gharama. Mvua ikikata, amka, nenda shambani saa moja asubuhi siku mbili mfululizo, pita katikati ya matuta. Suruali ikilowa siku zote mbili na majani bado yana maji saa mbili na nusu, unapiga dawa ya kinga kila baada ya siku 7 kama vile mvua inanyesha. Ukipita umetoka mkavu, usiku kuna upepo na mchana jua kali, hapo sawa, vuta mpaka siku 10. Sio 14, sio "mpaka nione". Siku 10.

Kuna kitu kingine hamkioni kabisa na ndo kinachowamaliza wale wanaojiona wajanja. Viazi vikikaa na ukavu vinadumaa, alafu mvua ikirudi vinalipuka, ndani ya siku nne tano shamba lote lina majani mapya laini. Yale majani hayana dawa! Mankozebu, ile dawa ya kinga yenyewe, haitembei ndani ya mmea, inakaa pale ilipodondokea, jani lililoota jana halijui kama ulipiga wiki iliyopita. Kwaiyo ratiba ya siku 7 ni ya shamba linalokua kawaida. Mvua ikirudi baada ya ukavu unapiga ndani ya siku 3 au 4 hata kama zamu yako haijafika. Na ukiweza kuwahi kupiga siku moja kabla, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukionyesha mvua inarudi, bora zaidi.

Ila utabiri ni wa eneo kubwa, hautakwambia mvua ya shamba lako, na mvua za msimu za siku hizi zinabagua kweli, inapiga upande huu wa korongo upande wa pili watu wanafua nguo. Kwaiyo pima mwenyewe. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyonyooka, kata pale inapoanza kukonda, kile kichwa kigeuze ukichomeke kama mrija wa kumiminia mafuta. Weka vijiwe chini alafu mimina maji mpaka yafike pale chupa ilipo sawa, piga alama, hiyo ndo sifuri. Bandika rula ya mtoto wa shule kuanzia hapo. Msianzie kupima kwenye kitako cha chupa jamani, kile kina mabonde, utasoma uongo msimu mzima. Iweke wazi mbali na miti, soma kila asubuhi, mwaga, rudisha maji mpaka alama ya sifuri. Mvua ikijumlisha milimita 25 tangu ulipopiga, hesabu kama nusu ya kinga imeshaoshwa. Ikifika 50, hauna dawa shambani, rudia, usiangalie kalenda.

Sasa vipimo vya dawa, na hapa nitawasema. Mankozebu ya unga asilimia 80 lebo nyingi zinasema gramu 50 kwa bomba la lita 20, la lita 16 ni gramu 40 (soma ya kwako, zipo zinazotofautiana). Gramu, sio kijiko. Kijiko cha nani? Kuna mama nilimkuta anapima kwa kijiko cha kupakulia, jirani yake kwa kifuniko cha chupa ya chai, wote wananiambia vijiko viwili. Nenda dukani kwenye mizani, pima gramu 50 mara moja, tia kwenye kikopo kisafi, piga alama, hicho kikopo kazi yake ni hiyo tu na watoto wasikiguse. Koroga kwanza na maji kidogo kwenye ndoo mpaka iwe uji, ndo umimine kwenye bomba lililojaa nusu, alafu ujaze.

Na idadi ya mabomba. Viazi vikiwa vidogo ekari inakula mabomba 10 hivi ya lita 20. Majani yakishafunga mstari ni karibu 20, yaani kilo nzima ya dawa kwa ekari. Wengi mnamaliza ekari iliyofunga kwa mabomba 6, hizo ni gramu 300, alafu mnasema dawa feki. Feki zipo, sikatai, ila kabla ya kumtukana muuza duka hesabu mabomba yako. Ukimlipa kijana kwa ekari badala ya kwa bomba ndo kabisa, atakimbia. Mwambie nozeli aiinamishe iingie chini ya majani, ugonjwa unaanzia huko chini na sio kwenye yale majani ya juu mnayopenda kuyaogesha.

Muda ni saa tatu mpaka saa tano asubuhi. Kabla ya hapo umande utaitiririsha dawa chini, na mkichelewa mvua za kwetu zinajulikana, saa nane hiyo imefika. Dawa ya kinga inataka angalau masaa mawili ikauke.

Kuhusu dawa zinazopenya, hizi zenye metalaksili. Watu wanaziweka akiba mpaka ugonjwa utapakae ndo wapige dozi mara mbili. Hapana, hapana. Hazifufui jani lililokufa, na ukizipiga kwenye shamba lililojaa ugonjwa unawafundisha vimelea kuzizoea, mwakani hazikusaidii wewe wala jirani yako. Zitumie mara mbili tu kwa msimu, na mara ya kwanza ni pale mvua inaporudi na majani mapya yanalipuka, kabla ya madoa. Mara zilizobaki ni kinga ya kawaida.

Sasa lile swali mnaloniuliza sana: afisa, ukavu umeshanichapa, niendelee kutoa hela ya dawa au niache? Usikadirie kwa kuangalia majani, fukua mashina matano sehemu tofauti. Ukavu ukikupata wiki ya tano au ya sita tangu kupanda, pale viazi vinapojifunga, utakuta vichache kwa shina, lakini vichache hivyo bado vinaweza kunenepa kama jani litabaki zima, kwaiyo hapo kinga inalipa, uzito mwingi unaingia wiki nne mpaka sita za mwisho. Mvua ikirudi kwa fujo tegemea vingine kupasuka na kuota mapembe, hivyo mnunuzi atavitupa pembeni, vitoe kwenye hesabu mapema. Ila kama shamba limeshaanza kuwa njano lenyewe na zimebaki wiki mbili tatu, usinunue dawa, hakuna jani la kulinda hapo. Na anayelima mbegu ya Shangi asijifananishe na mwenye ya Sherekea. Shangi ugonjwa unaipenda, ukichelewa siku tatu umeachwa.

Ukiona majani ya chini yamefika siku ya 80 yakiwa mazima umefanya vizuri, endelea.

Mwisho wa msimu wengi mnaharibu tena hapohapo. Shamba lina madoa kidogo, mvua inarudi, mnaacha majani yasimame mpaka siku ya kuvuna, mvua inaosha vimelea inavishusha kwenye udongo, viazi vinaozea kwenye gunia njiani kabla hata ya kufika sokoni. Fyeka mashina wiki mbili kabla ya kuvuna, yatoe nje ya shamba, na tuta lililomomonyoka lipandishie udongo siku hiyohiyo, sentimita 10 juu ya kiazi cha juu kabisa.