Somo: Kuotesha urujuani wa Usambara kwa jani moja

Ua hili ni la kwetu Tanga. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Leo limejaa madirishani kwa Wazungu, na sisi wenyewe wengi hatulijui.

Kabla ya yote: usiende kung'oa mche msituni. Makazi yake huko ni machache na yanazidi kupungua, na huna haja, maana jani moja la jirani linakutosha.

1. Chagua jani la safu ya kati, si kuukuu la chini wala changa la moyoni. Likate na kikonyo cha kama sentimita 3, mkato uwe wa mshazari. Liache kivulini nusu saa jeraha likauke.

2. Changanya mboji iliyooza vizuri, mchanga wa mtoni uliooshwa na vumbi la makumbi ya nazi. Udongo wa mfinyanzi usiutie kabisa.

3. Chomeka kikonyo kwa kukilaza kidogo, nyunyiza maji machache, kisha funika kikopo kwa mfuko unaopitisha mwanga. Mizizi huchukua wiki tatu au nne. Vichipukizi vitachungulia kwenye shina la jani baada ya miezi miwili mitatu. Msifukue kuangalia! Mimi nilifukua langu la kwanza mara tatu, likaoza.

4. Vichipukizi vikifika ukubwa wa sarafu, vitenganishe, kila kimoja kopo lake dogo lenye matundu.

5. Maji ndiyo yanayoua ua hili kuliko kitu kingine. Kwao huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli: unyevu upo, lakini maji hayatuami. Basi weka maji kwenye kisahani, kopo linywe kwa chini nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Rudia udongo ukikauka juu.

6. Lipe mwanga mwingi bila jua kali. Dirisha la mashariki linafaa sana.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mama. Langu lina majani mazuri ila halitoi ua, mwaka sasa.
— Marahaba mwanangu. Majani yamesimama kwenda juu? Basi linatafuta mwanga, lisogeze dirishani. Tazama na kopo pia: likiwa kubwa mno, mmea hushughulika na mizizi tu.

Majani yana mabaka meupe ya duara, ni ugonjwa?
— Hapana dada, ni maji ya baridi yaliyodondokea jani. Tumia maji yaliyokaa ndani usiku kucha. Mabaka hayo hayafutiki, ngoja majani mapya.

Kuna vitu kama pamba kwenye vikonyo.
— Vidung'ata hao, wadudu wadogo weupe. Tenga mmea leo hii, wafute kwa pamba yenye spiriti, urudie kila wiki mpaka waishe.

Niko Lushoto, naweza kulipanda nje ardhini?
— Wewe una bahati, kaka. Tafuta ukuta wa mawe wenye kivuli, jaza mboji kwenye nyufa, pandikiza kwa kuinamisha ili mvua isisimame moyoni mwa mmea. Huku Dar joto linatushinda, yangu nayaweka barazani, nyuma ya mtungi.