Ugonjwa wa sukari: jiandae kabla ya kwenda kwenye mafundisho, Bukavu

Mtu akiambiwa ana sukari, mara nyingi hutoka kwa daktari na karatasi ya dawa tu. Namna ya kuishi na ugonjwa wenyewe anakwenda kuitafuta kwenye kikundi cha mafundisho, kiwe kwenye kituo cha afya cha mtaa au kwenye ukumbi wa parokia. Kabla hujapanda pikipiki kwenda huko, yapo ya kutengeneza nyumbani.

La kwanza, nenda na mpishi wako. Baba anafundishwa peke yake, anarudi nyumbani Kadutu, na sufuria iko mikononi mwa mama au binti ambaye hakusikia neno hata moja. Kwa maoni yangu hapo ndipo mafundisho mengi yanapopotelea.

Nyinyi wawili, kwa siku mbili tatu kabla, andikeni chakula kama kilivyo. Usiandike "nakula kidogo". Andika: bugali wa muhogo, ukubwa wa ngumi mbili, sombe (majani ya muhogo) yenye mawese, sambaza (samaki wadogo), chai, vijiko vitatu vya sukari, kasiksi (pombe ya ndizi) Jumapili. Hata kasiksi iandike, hakuna anayekuja kukuhukumu. Wengi huacha sukari ya chai na kujiona wameshinda, huku donge la bugali limebaki vilevile. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, na mwili hugeuza wanga kuwa sukari hata kama ulimi hauonji utamu. Mwalimu akiona karatasi yako ataweza kukwambia upunguze wapi na uongeze nini, labda lengalenga (mchicha) na maharagi, vitu ambavyo tayari vipo sokoni kwako. Bila karatasi hiyo atakupa maneno ya jumla.

Uliza mapema kama mtapimwa kabla ya kula. Kipimo cha asubuhi hutaka ukae muda wa masaa manane bila chakula, maji tu. Matokeo ya 126 mg/dl au zaidi, yakirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, ndiyo kisukari. Lakini kama unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, usifunge bila kumwuliza anayekutibu. Milima yetu hii hutumia nguvu, na sukari inaweza kuanguka njiani: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Tembea na sukari mfukoni. Ikishuka chini ya 70 mg/dl, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, pima tena.

Ukiwa na mashine yako ya kupimia, ibebe, na utazame inaandika nini. Baadhi ya zile zinazotumwa na ndugu walioko ng'ambo huhesabu kwa mmol/l, ambako 7 ni sawa na 126 ya mg/dl. Nyumba ikiwa na mashine mbili zenye hesabu tofauti, mtu anaweza kufurahia namba ambayo ilipaswa kumtia wasiwasi. Tazama pia tarehe ya vijikaratasi vyake vya kupimia damu kama haijapita.

Dawa zote zitie mfukoni pamoja, na miti shamba humo humo. Anayechoma insulini abebe chupa na sindano, aoneshe anavyovuta dozi, kwa maana sindano ya insulini ya 100 (yuniti 100 kwa mililita moja) haiendani na chupa ya 40. Swali la umeme msiliogope: chupa isiyofunguliwa hutaka frigo, nyuzi 2 hadi 8, ila iliyofunguliwa kwa kawaida hukaa nje wiki nne hivi, mbali na jua na jiko. Ikiganda kwa baridi, itupe.

Vaa viatu vinavyovulika upesi, maana miguu itatazamwa. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa.

Kuhusu pesa, uliza kabla: kipimo ni kiasi gani, kijitabu kinauzwa? Na kwa kuwa benki za mjini zilifungwa mapema mwaka 2025 na pesa mkononi ikawa shida, usiache dawa iishe ndipo uanze kutafuta. Waulize wanaoongoza kikundi wao hufanya nini insulini ikikosekana mjini, na usiku mgonjwa akizimia apelekwe wapi. Jibu liandike ukutani, karibu na mlango, ambapo hata mtoto anaweza kulisoma.